Msingoje Ini Liwaume

Wajukuu zangu, nawaombeni jambo moja kabla ya mengine yote: msingoje ini liwaume.

Nawajua mlivyo. Jino likiuma mnakwenda hospitali. Mgongo ukikaza mnakwenda. Kisichouma mnakiacha, mnasema kiko salama. Kwa viungo vingi hesabu hiyo haiwaponzi sana. Kwa ini itawazika. Nyama yenyewe ya ini haisikii maumivu. Kinachosikia ni utando mwembamba uliolifunika, nao husikia pale tu ini linapovimba na kuuvuta. Huko ndani linaweza kuharibika miaka kumi, hata ishirini, na mwenyewe anacheza mpira, anaoa, anajenga nyumba.

Kiungo kinachouma kina bahati, maana kitatibiwa. Ini halikupewa bahati hiyo.

Nimefanya kazi ya utabibu tangu ujana, na wodi ya wanaume naijua usiku na mchana. Kuna kipimo tulikuwa tukikifanya bila mashine yoyote. Unamwambia mgonjwa anyooshe mikono mbele, viganja aviinue kana kwamba anasimamisha gari, vidole avitanue, atulie hivyo hivyo. Mwenye ini zima hutulia. Aliyesinyaa ini hadi likazidiwa, viganja vyake huanguka ghafla, vinainuka, vinaanguka tena, naye hataki vianguke, anavitazama kwa mshangao. Maana yake ni kwamba sumu ambayo ini lilipaswa kuiondoa kwenye damu imekwisha kufika kwenye ubongo.

Nimewanyooshesha mikono hiyo vijana wa rika lenu. Mama zao wamesimama ubavuni mwa kitanda, wanauliza kwa nini mtoto analala mchana kutwa na usiku anakesha akizungumza maneno yasiyoeleweka. Ndiyo maana nasema nanyi leo, mngali na nguvu na macho meupe.

Sikilizeni kwanza ini linavyofanya kazi, maana mtu halindi asichokijua.

Liko upande wa kulia, chini ya mbavu. La mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi. Karibu robo tatu ya damu inayoingia ndani yake hutoka moja kwa moja kwenye matumbo, kwa mshipa mmoja mkubwa. Chakula ulichokula, pombe uliyokunywa, kidonge ulichomeza, bakteria aliyepenya utumbo: karibu vyote hupita kwenye ini kabla ya kusambaa kwingine. Kwa hiyo Mwenyezi Mungu ameliwekea walinzi. Ziko seli zinazokaa humo humo, kwenye vijia vya damu vya ini, kazi yake kumeza vijidudu na mabaki. Wataalamu huziita seli za Kupffer.

Walinzi hao, na wenzao wanaoitwa kutoka kwenye damu, wana zana. Zana zenyewe ni vimeng'enya, yaani protini zinazobadili kitu kimoja kuwa kingine kwa haraka kubwa. Kimeng'enya kimoja, siklooksijenasi, hutengeneza prostaglandini. Hizo ndizo zinazoleta joto, uvimbe na maumivu ukijikata kidole. Kingine, mieloperoksidasi, kinatengeneza kemikali ya jamii ya dawa ile ya kung'arishia nguo nyeupe, ya kuulia bakteria. Kingine, kaspasi-1, hukata protini iliyokuwa imelala na kuiamsha, nayo hupeleka habari mwilini, homa ikapanda. Shughuli hiyo yote ndiyo madaktari wanayoiita mchochota.

Mchochota si adui yenu. Ungekosekana, mwiba mmoja wa shambani ungemwua mtu. Unachotakiwa ni uje, ufanye kazi, uondoke.

Ninyi mliokulia mjini pengine hamkuwaona sungusungu. Huko kwetu mwizi akiingia kijijini, yowe linapigwa, wanatoka na pinde na marungu, wanamfukuza mwizi, asubuhi wanarudi mashambani. Sasa fikirini yowe linapigwa kila usiku, mwaka hadi mwaka. Wamechoka, hawachagui tena, wanavunja milango ya wasio na hatia na maghala yanateketea. Kijiji kinakwisha mikononi mwa waliowekwa kukilinda, na mwizi mwenyewe huenda aliiba kuku tu. Hivyo ndivyo ini linavyokufa. Mara nyingi si sumu wala kirusi chenyewe kinachoua seli, ni ulinzi wa mwili usiopewa nafasi ya kulala.

Na likijeruhiwa kila siku, ini hujiwekea makovu. Kuna seli ambazo wakati wa amani zinahifadhi vitamini A kimya kimya. Zikisikia vurugu haziishi, zinaiacha kazi hiyo na kuanza kufuma nyuzi ngumu. Vipo vimeng'enya vya kuyeyusha nyuzi hizo, lakini mchochota usiokoma huvishinda. Nyuzi zinaongezeka, damu inakosa njia, ini linakuwa gumu lenye vinundu. Hapo ndipo watu husema ini limesinyaa. Damu inayotoka tumboni inatafuta njia za pembeni, mishipa ya koo la chakula inajaa na kuvimba, siku moja mmoja unapasuka. Mtu anatapika damu beseni zima. Tumbo linajaa maji mpaka kitovu kinatokeza, mikono na mapaja yanakonda.

Wanangu, sisemi haya kuwatisha. Nimeyafuta sakafuni.

Sasa tuje kwenye pombe, maana ndiyo mnayoipigia kelele mkikutana.

Pombe ikifika kwenye ini, kimeng'enya cha kwanza huigeuza kuwa asetaldehaidi, ambayo ni sumu kuliko pombe yenyewe. Kimeng'enya cha pili huigeuza sumu hiyo kuwa kitu chepesi kisicho na madhara makubwa. Kwa mnywaji wa mara chache mambo huishia hapo. Kwa anayekunywa kila siku, ini huongeza kimeng'enya cha tatu, cha ukoo wa saitokromu, kiitwacho CYP2E1. Hicho kinaunguza pombe haraka, lakini kila kikiunguza kinatoa chembe kali za oksijeni zinazochubua kuta za seli.

Mnajisifu kwamba fulani ana kichwa kigumu, anakunywa kreti halewi. Nawaambia, huyo ndiye wa kumhurumia kwanza. Sehemu ya ugumu huo ni ubongo uliozoea, na sehemu ni hicho kimeng'enya cha tatu kilichojaa kwenye ini lake, kinachubua mchana na usiku. Asiyelewa upesi huanza kuugua upesi.

Tena pombe hulegeza kuta za utumbo. Uchafu wa bakteria ambao ulitakiwa utoke chooni unapenya kwenye damu na kwenda moja kwa moja kwenye ini. Walinzi wanauona, yowe linapigwa. Kesho tena. Keshokutwa tena.

Nchi yetu ya Tanzania ilipiga marufuku pombe kali ya kwenye pakiti za plastiki, vile viroba, kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na wazee tulishukuru. Lakini pombe kali ya bei ndogo haikuondoka, ilibadili chombo tu. Gongo nayo bado inachemshwa. Nawaona mnachanganya pombe kali na kinywaji cha kuongeza nguvu ili msisikie usingizi. Usingizi huo mnaoukimbia ndio mwili unaowaambia mmetosheka. Nawaombeni, uacheni mwili useme. Na ambaye tayari hawezi kulala bila kunywa, asiache ghafla peke yake chumbani, maana anaweza kupata degedege. Aje hospitali asaidiwe kuacha. Hakuna aibu katika hilo.

Jambo la dawa za maumivu ni zito zaidi kwangu, kwa sababu hapo hata wasiokunywa wanaangamia, tena kwa mikono yao wenyewe na kwa nia njema.

Ukisikia kwamba mchochota ndio unaoharibu ini, utasema: basi nikauzime. Na dawa za kuuzima ziko kila duka la dawa. Mwingereza John Vane alionyesha mwaka 1971 kwamba aspirini inafanya kazi kwa kuzuia mwili usitengeneze prostaglandini, na mwaka 1982 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Diklofenaki na ibuprofeni zinapita njia hiyo hiyo. Zinakizuia kile kimeng'enya cha siklooksijenasi.

Lakini kimeng'enya hicho hakina kazi moja. Hicho hicho kinalinda utando wa tumbo usichubuliwe na asidi. Hicho hicho, kwa mtu ambaye ini lake limesinyaa, ndicho kinachoziwezesha figo kupata damu ya kutosha. Ukikizuia, figo zinaweza kufeli ndani ya siku chache, na ile mishipa iliyovimba kooni ikapata sababu ya kutoka damu. Nimempokea mgonjwa aliyekuja akitembea, tumbo limejaa maji, mgongo unamuuma; jirani akamletea diklofenaki kwa huruma. Hakukojoa tena ipasavyo. Na hata kwa mwenye ini zima, diklofenaki yenyewe imewahi kuwapa baadhi ya watu umanjano wa macho.

Dawa usiyojua kipimo chake ni ugonjwa uliofungwa kwenye karatasi. Usimchomolee mtu diklofenaki mfukoni mwako kwa sababu wewe ilikusaidia.

Parasetamoli nayo msiidharau kwa sababu imezoeleka. Kwa kipimo chake ni dawa njema, kuliko nyingi. Mtu mzima mwenye afya asizidishe vidonge vinane vya miligramu 500 kwa saa 24, na mnywaji au mwenye ini bovu apewe vichache zaidi kwa maelekezo ya daktari. Sehemu ndogo ya parasetamoli hugeuzwa na kile kile kimeng'enya cha mnywaji, CYP2E1, ikawa sumu kali. Ini lina akiba ya kuifuta sumu hiyo. Akiba ikiisha, seli zinakufa kwa wingi. Na hapa pana mtego: dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Unakunywa hiyo ya mafua, unaongeza ya kichwa, usiku unaongeza ya homa, na zote ni dawa moja.

Aliyezidisha anaweza kushinda siku nzima akisikia kichefuchefu tu, akasema nimepona. Siku ya tatu macho ni ya manjano. Dawa ya kuokoa ipo, inaitwa asetilisisteini, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa nane. Kwa hiyo mtu akizidisha, kwa bahati mbaya au kwa uchungu wa moyo, mkimbizeni hospitali saa ile ile, hata kama anacheka. Msimgombeze njiani. Mkimbizeni.

Nikifika kwenye homa ya ini, ile ya virusi aina ya B, naomba mtulie zaidi.

Kirusi hiki hakiui seli ya ini kwa mkono wake. Kinakaa ndani yake, kinazaana. Wanaoiua ni walinzi wanaokuja kukitoa. Kwa mtu mzima aliyeambukizwa ukubwani, mara nyingi wanakishinda. Wasiozidi watano katika kila mia ndio hubaki nacho. Kwa mtoto mchanga mambo ni kinyume: katika kila kumi wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, tisa hubaki nacho maisha. Anakua, anasoma, anaanza kazi, na kila mwaka ini linajeruhiwa kidogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na kirusi hiki, na Afrika peke yake milioni 65. Wengi wao hawajui.

Kinapita kwenye damu, kwa mama kwenda kwa mtoto, kwa kujamiiana, kwa wembe na sindano iliyotumiwa na mwingine. Hakipiti kwenye sahani. Hakipiti kwenye kupeana mikono. Msimtenge mtu chakula kwa ajili ya homa ya ini. Nimeona nyumba ambamo kijana alitengewa kikombe chake, akanyamaza, akaacha hata kwenda kliniki ili asionekane. Kikombe kile kilimdhuru kuliko kirusi.

Na dawa yake, tenofovi, ni dawa ambayo watu wenye virusi vya UKIMWI nao huitumia. Wako wanaoikataa kwa hofu ya majirani kuona kopo. Mwanangu, wewe utakapougua, si majirani watakaolala kwenye kitanda kile.

Aliyekigundua kirusi hiki ni Mmarekani Baruch Blumberg, katika miaka ya 1960, na mwaka 1976 alipata Tuzo ya Nobel. Chanjo imekuwapo tangu miaka ya 1980. Wadogo zenu wanaipata ndani ya chanjo za utotoni. Ninyi mliozaliwa kabla ya mwaka 2000 kliniki zetu hazikuwa zikiwapa watoto wote, kwa hiyo msidhani mnayo. Na binti yangu mwenye mimba, ukienda kliniki usiikwepe damu ya kupimwa homa ya ini. Ukikutwa na kirusi, mtoto anaweza kukingwa, hasa akichanjwa ndani ya saa 24 za kwanza. Saa hizo hazirudi.

Kuna kitu kingine mnakula nacho mezani. Sumukuvu.

Ni sumu ya kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Mwaka 2004 huko Ukambani, Kenya, waliugua watu 317 na kufa 125, kwa mahindi ya ghalani mwao wenyewe. Mwaka 2016 ikawa zamu ya wenzetu wa Dodoma na Manyara. Hao ni waliokula nyingi kwa mpigo. Wengi wetu tunakula kidogo kidogo kila siku, na hapo ndipo vimeng'enya vya ini vinapotugeukia: vinajaribu kuibadili sumu hiyo ili itoke, kumbe katika kuibadili vinaitengeneza kuwa kali zaidi, inajishika kwenye vinasaba vya seli na kuanzisha saratani. Mwenye homa ya ini B anayekula sumukuvu, hatari yake ya saratani ya ini inazidi kwa mbali ya yule mwenye kimoja tu.

Kupika hakuimalizi. Kukoboa na kuchambua hupunguza, kukausha vizuri ndiko kunakozuia. Nawaona mnachagua mahindi mazuri ya kuuza, yaliyooza mnapeleka kwenye pombe ya kienyeji au kwa ng'ombe. Ng'ombe huirudisha sumu kwenye maziwa. Mahindi yaliyolala na unyevu huamka na kisasi, hata ukiyabadili jina.

Msiokunywa pombe, msianze kuwanyooshea wenzenu vidole. Soda asubuhi, chipsi jioni, siku nzima umekaa kwenye kiti au pikipiki: sukari iliyozidi ini huigeuza mafuta na kuyahifadhi ndani yake. Seli zikijaa mafuta zinachoka, zinapasuka, na walinzi wanaitwa. Mwisho wake ni makovu yale yale, kwa mtu ambaye hajawahi kuonja bia. Mwenye kitambi akipunguza hata kilo saba hadi kumi katika kila mia za uzito wake, mara nyingi mchochota huo hutulia. Kahawa ya kawaida, isiyojazwa sukari, imeonekana kwenda pamoja na maini yenye afya zaidi. Wazee wa kijiweni endeleeni, ila kashata zisizidi. Na wa Kanda ya Ziwa, minyoo ya kichocho nayo hutaga mayai yanayonasa kwenye ini yakaleta makovu, kwa hiyo wakija na dawa ya prazikwanteli shuleni au kijijini, mezeni.

Mtaniuliza: babu, si kuna vipimo? Vipo. Daktari akiandika vipimo vya ini, huwa anatafuta pamoja na mengine vimeng'enya viwili, ALT na AST. Makazi yake ni ndani ya seli. Seli ikipasuka vinavujia kwenye damu. Kwa maabara nyingi mwisho wa kawaida ni karibu 40. Vikiwa mia mbili au elfu moja, jua kuna seli zinakufa sasa hivi. AST ikiwa mara mbili ya ALT, daktari atakuuliza habari za pombe, usimfiche.

Lakini shikeni neno hili. Amekuja mtu na karatasi yake, namba zote zimekaa kwenye mstari, anafurahi, anasema ini langu zima. Nikamgusa tumbo: limejaa maji. Ini lililokwisha kusinyaa halina tena seli nyingi za kupasuka, kwa hiyo vimeng'enya hivyo vinaweza kuwa vya kawaida kabisa. Karatasi inamwambia daktari, haikuambii wewe. Ndiyo maana anaongeza albumini, muda wa damu kuganda, chembe sahani, na picha ya mawimbi ya sauti. Usisome namba moja ukaenda kusherehekea.

Wala msiende kwa anayeuza chupa ya kusafisha ini. Ini halisafishwi kwa chupa. Kila kilichomo kwenye chupa hiyo, ini ndilo litakalokihangaikia, na nimeona manjano yaliyoanza baada ya chupa, si kabla. Sisemi mizizi yote ni mibaya. Nasema usimpe ini mgeni usiyemjua jina, hasa likiwa tayari linaumwa.

Ini lina huruma kuliko kiungo chochote. Daktari wa upasuaji akiondoa zaidi ya nusu ya ini zima, linakua tena ndani ya miezi. Mlevi akiacha mapema, mafuta yanaondoka ndani ya wiki chache. Mgonjwa wa homa ya ini B akimeza dawa yake miaka mfululizo, hata makovu hupungua, maana vile vimeng'enya vya kuyeyusha nyuzi vinapata nafasi. Nimewaona waliorudi. Hawakuwa na nguvu kuliko wenzao. Walikuja mapema tu. Walioletwa macho yamekwisha kuwa ya manjano, mkojo rangi ya chai ya rangi, miguu imevimba, hao wengi tuliwapunguzia mateso, hatukuwarudisha.

Basi, nawaombeni wajukuu zangu, kila mmoja aliyesikia haya aende wiki hii kwenye kituo cha afya kilicho karibu naye, aseme anataka kupimwa homa ya ini B. Aandamane na mwenzi wake. Ukikutwa na kirusi, uandikishwe kliniki siku hiyo hiyo, na watu wa nyumbani kwako wapimwe. Ukikutwa huna, usitoke hapo kabla hujaulizia chanjo. Ni sindano tatu: ya kwanza siku hiyo, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu baada ya miezi sita tangu ya kwanza. Ya tatu ndiyo wengi huisahau. Iandikeni tarehe yake ukutani.